Kabla Kuku Hajawa Kitoweo

Ukimuuliza mtu kwa nini binadamu anafuga kuku, atakujibu upesi: nyama na mayai. Kwa mwenye banda la kuku elfu pembezoni mwa Dar es Salaam jibu hilo linatosha. Kwa historia halitoshi. Nimefanya kazi ya ugani wa mifugo katika vijiji vya Singida, mkoa niliozaliwa, na katika kila nyumba niliyoingia nilikuwa na swali langu la pembeni ambalo halikuwamo kwenye fomu yoyote: kuku wako wa kwanza ulimpata wapi? "Bibi alinipa nilipoanza shule." "Nilimpalilia jirani karanga, akanilipa tembe." "Mama mkwe alinikabidhi koo na vifaranga vyake baada ya harusi." Sijapata kusikia mtu akisema kuku wake wa kwanza alimtafuta kwa sababu ya njaa.

Nimekuja kuamini kwamba hata babu zetu wa mbali walianza hivyohivyo. Mtu alipata ndege mmoja, akamwita wake, akamzoea. Kitoweo kilikuja nyuma sana.

Wachimbaji wa mambo ya kale wananiunga mkono kwa mifupa. Kuku tuliye naye ametokana na kuku-mwitu mwekundu wa misitu ya Kusini Mashariki mwa Asia. Mifupa ya kuku wa kufugwa inayohesabiwa leo kuwa ya zamani kuliko yote ilifukuliwa Ban Non Wat, nchini Thailand, na umri wake ni wa kati ya mwaka 1650 na 1250 kabla ya Kristo. Watafiti waliochapisha habari hiyo mwaka 2022 wanaeleza kwamba watu wa huko walipoanza kulima mpunga na nafaka ndogondogo kwenye mashamba makavu, ndege wa msituni walivutwa na punje zilizomwagika na zile zilizowekwa ghalani. Walisogea wenyewe, kama kuku wa jirani anavyojileta uani unapopepeta mahindi. Hakuna aliyewafuata na mitego.

Jambo lililonigusa zaidi katika utafiti huo linahusu Ulaya. Kuku walipofika huko, karne kadhaa kabla ya Kristo, kwa muda mrefu hawakuliwa. Walizikwa. Wamekutwa ardhini wakiwa wazima, kila mmoja peke yake, wengi wao wazee, mifupa yao haina hata alama ya kisu. Mmoja alikuwa amewahi kuvunjika mguu na mfupa ukaunga vizuri. Mfugaji yeyote anajua maana yake. Kuku aliyevunjika mguu hawezi kuchakura, hawezi kukimbia kicheche, na wenzake humdonoa. Akipona, ujue kuna mtu alimtenga, akamwekea maji karibu na kumtupia chakula siku baada ya siku. Mtu huyo hatumjui kwa jina wala kabila, ila mapenzi yake kwa kuku yamehifadhiwa katika mfupa ulioungika. Kula kuku na mayai kwa wingi kulienea baadaye, wakati wa Dola ya Roma.

Huku kwetu kuku aliingia kwa njia zaidi ya moja. Watu wa nyanda za juu za Ethiopia, mahali panapoitwa Mezber katika jimbo la Tigray, walikuwa naye karne nyingi kabla ya Kristo. Kwa upande wa pwani ya Waswahili kumekuwa na ubishi. Mifupa iliyotoka Pango la Kuumbi, kusini mwa Unguja, iliwahi kutajwa kuwa ya kuku wa maelfu ya miaka iliyopita. Tatizo ni kwamba mfupa wa kuku na wa kanga au kwale wa porini hufanana mno. Vipimo vya protini na vinasaba vilivyochapishwa mwaka 2017 havikumthibitisha kuku huyo wa pangoni. Kuku wa hakika alipatikana Unguja Ukuu, iliyokuwa bandari, katika matabaka ya karne ya 7 na ya 8 baada ya Kristo. Alishuka kutoka majahazi ya Bahari ya Hindi, na panya mweusi naye akashuka kutoka majahazi hayohayo.

Kanga yeye tulikuwa naye tayari. Nyama yake ni tamu, mayai yake yanaliwa, na ana manyoya mazuri kuliko kuku wengi. Kama shida yetu ingekuwa kitoweo tu, tungebaki na kanga. Ila kanga wa porini, hata ukiyatotolesha mayai yake chini ya kuku wa nyumbani, akikua huanza kutazama vichakani, na siku moja anaondoka. Kuku anazurura kutwa nzima bila mchungaji, na jua likizama anarudi mwenyewe. Tabia hiyo ya kurudi ndiyo iliyomfanya mtu ajione ana chake. Mbuzi huhitaji mchungaji, ng'ombe huhitaji ukoo mzima. Kuku anaweza kuwa mali ya mtoto, ya mjane, ya mgeni aliyepewa kibanda mwezi uliopita.

Kufikia zama za miji ya mawe ya pwani, kuku alikwisha kuwa chakula cha heshima. Ibn Battuta aliposhukia Mogadishu mwaka 1331 alikirimiwa wali uliopikwa kwa samli, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Karibu karne mbili baadaye Mreno Duarte Barbosa aliiandika Mombasa kuwa na kondoo, ng'ombe na kuku wengi, wote wanono. Hizo ni sifa za wageni waliokaribishwa mezani, kwa hiyo zinatuonyesha sahani tu. Kwa habari ya moyo wa mfugaji tunayo bahati moja kubwa, kitabu cha Sayyida Salme.

Salme alikuwa binti wa Sayyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, na alizaliwa mwaka 1844. Baadaye aliolewa na Mjerumani akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Humo anasimulia jinsi yeye na mama yake, yeye akiwa bado mtoto mdogo, walivyohamia nyumba ya Bet il Watoro kuishi na kaka yake Majid. Majid alikuwa kijana aliyependa wanyama. Alifuga sungura, na alifuga majogoo ya kupigana yaliyoletwa kutoka nchi mbalimbali. Salme alianza kwa kumsindikiza kaka yake kutazama, na haikuchukua muda akawa na majogoo yake mwenyewe. Naomba msomaji asimame hapo kidogo. Nyumba ya Sultani ilikuwa na farasi, watumishi, dhahabu na kila aina ya chakula. Binti wa nyumba hiyo, akiwa mtu mzima katika nchi ya baridi, akikumbuka furaha za utotoni, anakumbuka kuku aliopata kuwaita wake. Kupiganisha majogoo kuna ukatili, dini inakukataza, na mimi kama mtu wa mifugo sikutetei hata kwa dakika moja. Lakini huyo mtoto alipendezwa na kitu kilekile anachopendezwa nacho mtoto wa Iramba, kwetu Singida: ndege anayekutambua, mwenye sura yake na hasira zake, ambaye ukitaja jina lake watu wa nyumbani wanajua unamsema nani.

Majid alirithi kiti cha Zanzibar mwaka 1856, na miaka michache baadaye akaanza kujenga mji wa Dar es Salaam. Nikipita Kisutu sokoni na kuona matenga ya kuku yamepangwa hadi kimo cha mtu, huwa namkumbuka.

Miaka ileile Salme alipozaliwa na kukua, Wazungu nao walipatwa na homa ya kuku. Malkia Victoria wa Uingereza aliletewa kuku wakubwa wa Kiasia mwanzoni mwa miaka ya 1840 akawajengea nyumba Windsor. Mwaka 1849 yakafanyika maonyesho ya kuku mjini Boston, Marekani, watu wakafurika, na bei ya jozi moja ya kuku wa kigeni ikapanda mno. Kufikia mwaka 1855 homa ilikuwa imeshuka, na mmoja wa wafanyabiashara wake, George Burnham, akaiandikia kitabu. Waliowanunua kuku hao hawakuwanunua kwa ajili ya sufuria. Walishangaa ukubwa wao na manyoya yaliyofunika hadi vidole vya miguu. Sisi huku tulikuwa na kuku wa Asia kwa zaidi ya miaka elfu moja, na hadi leo tunaye kuchi, yule mrefu mwenye shingo iliyonyooka, kifua wazi na upanga mdogo kichwani, ambaye vinasaba vyake vimeonekana kuwa karibu na vya kuku wa kupigana wa Mashariki ya mbali.

Sasa nipande bara, kwetu.

Bara kuku alikuwapo zamani kabla ya misafara ya pembe za ndovu. Wapagazi waliotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji walimkuta njiani na kumnunua kwa shanga na vipande vya nguo. Lakini katika jamii nyingi za bara kuku hakuwa chakula cha kila mtu. Buganda, mwanamke hakuruhusiwa kula kuku wala mayai. Alipika, akampelekea mume. Kwa Waluhya wa magharibi mwa Kenya ilikuwa vivyo hivyo, na firigisi hadi leo ina mwenyewe mezani. Sipendi miiko hiyo na nimefurahi kuiona ikifa, maana iliwanyima mama wajawazito na watoto chakula bora kilichokuwa kinatembea uani kwao. Hata hivyo inathibitisha ninalosema. Wanawake hao waliwafuga kuku kizazi baada ya kizazi bila kuonja nyama yao. Kuna kitu kingine walichokuwa wakikipata.

Kitu kimoja kilikuwa saa. Kabla ya redio, jogoo la kwanza lilimwambia mama kwamba usiku umevuka nusu na safari ya mbali inaweza kuanza. Jogoo la pili lilimwamsha anayetwanga. La tatu likawa alfajiri. Nyumba isiyo na jogoo ilimtegemea jirani hata kwa saa.

Kingine kilikuwa uganga. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi, mfumu, yaani mganga, hutazama matumbo ya kuku mchanga ambaye mwenye shida amempa mate yake, na alama za ndani husomwa kama habari za nyumba yake. Unaweza kuukubali uganga huo au kuukataa. Mimi natazama upande wa kuku: katika wanyama wote wa nyumbani, yeye ndiye aliyeaminiwa kubeba siri ya mtu.

Kikubwa kuliko vyote kilikuwa mali. Hapo nitakaa kidogo, maana ndipo nilipofundishwa na bibi yangu mzaa mama, aliyeishi katika nyumba ya zamani ya kwetu yenye kuta za tope na paa bapa la udongo, kuku wakilala ndani nasi kwenye kizimba cha fito karibu na mlango. Ng'ombe wa boma hilo walikuwa wa babu na kaka zake. Shamba lilikuwa la babu. Kuku walikuwa wake, na hakuna mwanamume aliyeshika kuku bila kumuuliza.

Siku aliyoamua kunipa tembe hakuchukua wa kwanza aliyempitia. Alingoja giza, kuku wakiwa wametulia, akaingiza mkono kizimbani na kumtoa mmoja bila kelele. Alimlaza chali mapajani, akampuliza manyoya ya tumboni yakafunguka, akaniita na kibatari nitazame ngozi. Kisha akashika vidole vyangu viwili na kuvibana kati ya mifupa miwili midogo iliyo chini ya mkia. Kwa tembe aliyekaribia kutaga vidole viwili vinaingia pale, kwa ambaye bado havipiti. Vilipita. Akachana utepe wa khanga iliyochakaa, akamfunga mguu, akaniambia nimfunge kwenye mguu wa kitanda changu, nimpe maji na mtama mwenyewe, asimlishe mtu mwingine. Ile methali ya kuku mgeni kutokosa kamba mguuni watu huisema kwa kuwaasa wageni. Mimi niliijua kwanza kama kazi ya mikono. Baada ya siku chache kamba ilifunguliwa, na jioni ile nilikaa mlangoni na hofu kifuani. Alirudi.

Alipotaga, bibi alinifundisha kuacha yai moja kiotani asikihame. Alinifundisha kuandika alama ya mkaa kwenye mayai ya kuatamia ili ya kuongezwa na kuku wengine yajulikane. Kuku wa kienyeji hutaga mayai kumi na kitu hivi, kisha hujifungia, huvimba manyoya na kutaka kuatamia, na siku ya 21 vifaranga hutoka. Ukimwachia mzunguko huo na Mungu akamwepusha na mwewe, tembe mmoja ni kundi baada ya mwaka. Kundi likawa jozi ya mbuzi, mbuzi wakawa ada ya shule. Wanawake wa kwetu walisomesha hivyo, na walifanya hivyo bila mkopo wa mtu. Na koo aliyeanzisha ukoo huo hachinjwi. Huachwa azeeke, na akifa watoto humlilia.

Adui mkubwa wa mapenzi haya ni ugonjwa wa kideri, ambao wengine wanauita mdondo. Ugonjwa huo ulitambuliwa kisayansi mwaka 1926, Java na pia Newcastle kule Uingereza, na ndio maana wataalamu wanauita kwa jina la mji huo. Mwaka 1935 ukaripotiwa Kenya. Hauna dawa. Unaingia kijijini miezi ya joto kabla ya mvua, na kuku aliyekula vizuri jana leo anaangusha mabawa, anahara kijani, anapinda shingo. Unaweza kuua kuku tisa katika kumi, au wote. Nimeingia boma ambamo mtoto alikuwa amewapanga vifaranga wake waliokufa mstari mmoja kwenye kivuli cha ghala, hataki mtu awaguse. Watu waliokuwa wakisema mwanakijiji ni mzembe, hajengi banda wala halishi, hawakuelewa. Hakuna anayewekeza kwa ndege ambaye kila mwaka anaweza kufa Oktoba.

Mkombozi wa kuku ni chanjo ya I-2, iliyotokana na kazi ya Profesa Peter Spradbrow na wenzake katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia. Ubora wake ni kuvumilia joto. Chanjo za zamani ziliharibika njiani kabla hazijafika kijiji kisicho na umeme. Hii inabebwa ndani ya kitambaa chenye majimaji na inabaki hai. Ilipoanza kutengenezwa katika maabara ya mifugo ya Temeke, sisi wa vijijini tulipata kitu cha kwanza cha maana cha kumpa mwenye kuku. Tone moja jichoni, kurudiwa kila baada ya miezi minne. Nimeona vijiji vilivyochanja kwa pamoja vikivuka Oktoba na kuku wao, na nimeona mabanda yakijengwa mwaka uliofuata bila mtu kuhimizwa.

Leo kuku wa Singida ana jina nchi nzima. Malori na mabasi yanamshusha Dar es Salaam usiku, na katika barabara kuu vijana wanamwinua dirishani kwa kila abiria. Nafurahia bei hiyo. Sifurahii kilichoifuata katika nyumba nyingi: kuku alipoanza kuleta fedha za kuhesabika, baadhi ya waume walianza kuwahesabu, na mali iliyokuwa ya mama ikageuka ya mwenye nyumba.

Pia zimekuja mbegu mpya, Kuroiler na Sasso, zilizojaribiwa nchini katika muongo uliopita. Ni kuku wazuri, wanakua haraka, wanataga mara nyingi kuliko wa kwetu, na anayefanya biashara simzuii. Lakini mara nyingi hawaatamii. Vifaranga wao wanatoka kwenye mashine ya kutotolea, na anayetaka wengine lazima arudi na pesa kwa wakala. Ukimpa mjukuu kuku wa namna hiyo umempa mayai ya miezi kadhaa. Ukimpa tembe wa kienyeji umempa ukoo. Desturi yote ya kumpa mtoto kuku wake wa kwanza imesimama juu ya koo anayekubali kukaa juu ya mayai siku 21, na tukimpoteza huyo tutakuwa tumeipoteza desturi yenyewe.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili kwa kila mwenye kuchi, kishingo, kidimu au bukini halisi nyumbani kwake. Tenga jogoo mmoja na makoo wachache wa mbegu hiyo, usiwachanganye, na kila mwaka mpe mtoto mmoja wa ukoo tembe awe wake kweli, asiuzwe bila ruhusa yake. Na kabla ya Agosti kuisha, kaa na majirani, mwiteni mtaalamu wa mifugo, mchanje kijiji kizima siku moja.